Mtoto mwenye adabu kupita kiasi: nilivyoumbuka kliniki mbele ya mama mkwe

Wakuu, kwema humu ndani?

Mimi ni msomaji tu. Miaka nachungulia nyuzi za watu, nacheka, naondoka bila hata kuacha like. Leo zamu yangu. Ninachosimulia kimenipata mwenyewe, si cha rafiki yangu wala cha jirani, na nikitia chumvi basi spana namba kumi na saba inidondokee kidole gumba. Nilichobadilisha ni jina la mtoto peke yake.

Mie ni fundi pikipiki hapa Kibiti. Naandika kati ya mteja na mteja, vidole vina oili, kwa hiyo herufi zikirukana mnivumilie.

Habari yenyewe ni ya mkono wa kushoto wa binti yangu. Tumwite Zuhura, ana miaka minne na nusu. Mkono ule ulikuwa unapotea hivi hivi tunauona, na waliokuwa wanaupoteza ni sisi tunaompenda.

Msinune, kuna vichekesho. Aibu zote ni zangu.

Ilianzia kwa mwalimu wa chekechea. Akaniita pembeni akaniambia mtoto anaanguka sana, tena kopo lake la uji hafungui mpaka asaidiwe. Akasema tumpeleke hospitali wamwangalie kabla hajaanza darasa la awali.

Nikamjibu mtoto ni mpole tu, mwalimu.

Akaniangalia namna ile wanayokuangalia walimu. Nikasema basi, tutampeleka.

Shida ikawa nani aende. Mke wangu alikuwa ndani ya arobaini, kajifungua wa pili, hatoki. Aliyekuja kumlea mzazi ni mama yake, yaani mama mkwe wangu, kutoka huko delta. Mwanamke mrefu, ana sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto na mtu akaitika. Amelea wanane wa kwake na wajukuu mpaka hesabu zimempotea.

Akasema, "Mwanaume peke yake hospitali atajibu nini? Nakwenda mimi. Wewe baba utatusindikiza."

Wa bara mnisikilize hapa, maana msipoelewa hili hamtaelewa kitu. Huku kwetu mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humkazii macho. Hukai naye benchi moja. Akipita unapisha, akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili umeinama, na mambo ya chumbani wala chooni hayatajwi mkiwa mnasikilizana.

Sasa mimi nina pikipiki yangu, nzima, nimeitengeneza mwenyewe. Lakini kumpakia mama mkwe nyuma yangu, mkono wake begani kwangu, barabarani, mchana kweupe? Hata shetani angeona haya. Ikabidi nimwitie bodaboda. Tukaenda pikipiki mbili, mie mbele peke yangu, nyuma yangu wao. Vijana wa kijiweni waliniuliza kama nasindikiza mwenge.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Siku ile kulikuwa na kliniki maalumu ya watoto. Nesi wa mapokezi akasoma karatasi ya mwalimu, akasema, "Nyie mtamwona OT, wa tiba kazi."

Mama mkwe akasimama pale pale.

"Kazi? Mtoto wa miaka minne mnamtafutia kazi gani?"

Nesi akacheka, akaeleza kwamba kazi ya mtoto ni kula, kuvaa na kucheza, na huyo mtaalamu ndiyo anaangalia kama mtoto anazimudu kwa umri wake. Mama mkwe akasema kama ni kula, Zuhura ana uzoefu wa kutosha.

Tukaingia.

Mtaalamu alikuwa binti mdogo tu, kwa lafudhi ni wa mikoa ya baridi huko juu. Mchangamfu, katusalimia vizuri, shikamoo kwa bibi na kila kitu. Chini ametandika mkeka, juu yake midoli, shanga, vibao vya kupangapanga. Mie nikajisemea huyu ataelewana na mama.

Halafu akachukua kalamu.

Kwa mkono wa kushoto.

Wakuu, nilimsikia mama mkwe akivuta pumzi. Akajifunika kanga vizuri, akamweka Zuhura mapajani, mkono wa kushoto wa mtoto ukaingia ndani ya kanga, akakaa kama mtu aliyeingia nyumba yenye mbwa. Kuanzia hapo macho yake hayakutoka kwenye ile kalamu.

Maswali yakaanza.

Sasa mnajua sisi tunavyojibu. Mtu akiulizwa habari za nyumbani, nzuri. Za watoto? Hawajambo. Za tangu juzi? Salama tu. Halafu ndiyo anavuta pumzi anasema, "Ila tumefiwa." Ile "ila" ndiyo habari yenyewe. Yule binti wa watu alikuwa na fomu ya kuweka tiki na nje kuna foleni ya kina mama, akawa anaweka tiki kwenye "nzuri" anaruka swali linalofuata. "Ila" haikupata nafasi.

Na tuseme ukweli, sisi wenyewe hatukuitafuta. Mie nilishaona ni mtihani. Kila tiki nilikuwa naifurahia utadhani mtoto anaingia chuo kikuu.

Mtoto anakula mwenyewe?

"Anakula, alhamdulillah," anajibu mama mkwe.

Anavaa mwenyewe?

"Anavaa."

Vifungo anafunga?

"Magauni yake tunashona ya kupitisha kichwani. Vifungo vya nini kwenye joto hili?"

Tiki, sijui ya nini.

Anapanda ngazi?

Hapo nikamwangalia Zuhura. Ngazi tunayo moja, ya kupandia paani mvua ikivuja. Mama mkwe akauliza, "Akafanye nini juu ya bati?"

Chooni anakwenda mwenyewe?

Wakuu. Mimi na mama mkwe tumekaa chumba kimoja, tunaulizwa choo. Niliinua uso nikaanza kukagua feni. Ilikuwa na vumbi upande mmoja. Mama mkwe akavuta kanga mpaka puani akasema, "Salama."

Usiku analala na nani?

Nani atajibu hilo? Mimi niseme "analala katikati yetu" mbele ya mama aliyemzaa mwenzangu? Nikakohoa. Mama mkwe akakohoa. Zuhura akaona ni mchezo, akakohoa na yeye. Binti akaandika kitu, nafikiri aliandika tuna mafua.

Kidogo akaniambia, "Baba, shuka mkekani ucheze naye nione."

Jamani mie nina miaka thelathini na sita. Nikavua viatu, soksi moja ina tundu, nikapiga magoti nikaanza kusukuma kigari huku nafanya "vuuu". Mama mkwe akageukia ukuta kunisitiri. Mpaka leo hilo halijazungumzwa nyumbani.

Ngoja nimhudumie huyu mteja, breki zimekwisha na bado anataka kwenda Ikwiriri.

Nimerudi.

Basi yule binti akapitia fomu yake, tiki tupu. Akatabasamu lakini unaona hajaridhika. Akasema, "Bibi, kila kitu salama. Sasa mwalimu aliona nini?"

Mama mkwe akaona huu ndiyo wakati wa kumsifia mjukuu. Akakohoa kidogo.

"Mwalimu hana jambo. Huyu mke mwenzangu ana adabu ambayo haijapata kuonekana. Tangu ana miezi sita hajawahi kupokea kitu kwa mkono wa kushoto. Hata siku moja. Watoto wangu wanane niliwapiga vikofi mpaka wakaacha, huyu hakufundishwa na mtu. Kazaliwa nayo. Kule kwetu kina mama wanawaleta wana wao waje wamwone."

Na ni kweli, wakuu. Huku mkono wa kushoto una kazi yake chooni, huli nao wala humpi nao mtu kitu. Mtoto anayejua hilo bila kufundishwa ni sifa kwa ukoo mzima. Mimi mwenyewe gereji hapa nilishajisifia mara ngapi!

Ile kalamu ikasimama.

"Tangu miezi sita, bibi?"

"Miezi sita! Ukimpa kitu huku kushoto, anajizungusha mwili wote achukue kwa kulia."

Binti akaweka fomu chini. Akasema taratibu, "Bibi, mtoto mchanga hana adabu. Anakamata kwa mkono wowote ulio karibu. Mpaka afikishe mwaka na zaidi ndiyo unaanza kuona anapenda mkono gani."

"Wa kwenu labda," akajibu mama mkwe.

Nilitamani mkeka ufunuke niingie chini yake.

Binti hakukasirika. Akaomba kumwona mtoto mwenyewe. Akamtoa Zuhura mapajani, akamkalisha mkekani, akamwekea kidoli upande wa kushoto. Zuhura akajizungusha akakichukua kwa kulia. Mama mkwe akanitazama kama kusema umeona?

Akampa shanga za kutunga. Zuhura akashika uzi kwa kulia, shanga akaiweka kwenye meno.

Ndipo binti akatoa soksi. Soksi ya kawaida ya mtoto, ina picha ya bata. Akamvalisha Zuhura kwenye mkono wa kulia huku anamwimbia kawimbo, halafu akamsogezea biskuti ili aone mkono wa kushoto unaweza nini.

Mama mkwe alinyanyuka kwenye kile kiti sijawahi kuona.

"Unafanya nini? Mkono wa kulia unaufunga, mtoto ale kwa wa kushoto? Wewe mwenyewe hukufunzwa kwenu, sasa unataka kumharibu na huyu wangu! Lahaula!"

Binti anajaribu kueleza, wapi. Mama mkwe akamvua mtoto soksi, akaiweka juu ya meza, akambeba Zuhura mbavuni akatoka. Kina mama wote wa kwenye foleni wamesimama kuchungulia. Nikabaki mkekani, magoti chini, kigari mkononi.

Yule binti akakaa chini na yeye. Akaniuliza, safari hii bila fomu.

"Baba, wewe umeona nini?"

Hapa sina utani, wakuu.

Nilikuwa najua. Zuhura alipokuwa na mwaka mmoja, mke wangu aliumwa malaria, nikawa namwogesha mimi. Ngumi ya kushoto haikunjuki. Gumba limeingia ndani, vidole vimelifunika. Nikaikunjua, nikasafisha, ikajifunga tena yenyewe. Ya kulia inanyakua sabuni, ya kushoto imelala tu. Na kutembea alichelewa, na mguu ule wa kushoto ulikuwa unaburuza. Niliona. Nikajiambia ni adabu ya bibi yake, basi. Pikipiki ya mteja ikitoa mlio nisioujua silali, nitaifungua mpaka niujue. Ya mwanangu mwenyewe nikaongeza sauti ya redio nisiusikie.

Nikamwambia yote. Katikati nikajifanya napangusa oili usoni.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa anavyoona ni udhaifu wa upande mmoja, daktari atathibitisha. Hautokani na uchawi wala uzembe wa mtu, mara nyingi hutokea kabla ya mtoto kuzaliwa au wakati anazaliwa. Mkono ule ukiendelea kukaa bure utakakamaa na mtoto atausahau kabisa. Lakini umri huu bado unafundishika, ila ni kazi ya kila siku nyumbani, na anayeshinda na mtoto nyumbani ni nani?

Ni mama mkwe.

"Basi bila bibi hatufiki popote," akasema.

Tukatoka. Mama mkwe alikuwa nje getini kwa muuza vitumbua, kamnunulia Zuhura viwili kumfariji, anatafuta bodaboda kwa ile sauti yake. Yule binti akamfuata, akapiga goti kidogo, akasema, "Bibi, nimekosa. Nilitakiwa kukueleza kwanza."

Mama mkwe akaangalia barabarani. "Yameisha, mwanangu."

Maana yake hayajaisha. Akanigeukia, akaninyooshea mfuko wa nguo za mtoto nibebe, tuondoke. Mie nikafanya kama siku zote: nikainama, magoti nikakunja kidogo, nikapokea kwa mikono miwili.

"Hapo hapo!" Yule binti akapiga kelele mpaka muuza vitumbua akaangusha kijiti chake. "Baba, usisogee!"

Nikaganda. Mgongo umepinda, mfuko hewani.

"Rudisha. Pokea tena."

Nikarudisha. Nikapokea tena. Watu wanaanza kukusanyika, bodaboda watatu wamezima injini.

"Tena, baba."

Nikarudia mara ya tatu. Kiuno kinauma.

Akamgeukia mama mkwe. "Bibi, mkweo anavyopokea hivi ni adabu, si adabu?"

"Hiyo ndiyo adabu yenyewe," akasema mama mkwe. "Siku ya kwanza kuja kuposa alipokea maji namna hiyo. Ndiyo maana nikampa mwanangu."

Miaka saba ya ndoa ndiyo nasikia hilo. Nilidhani ilikuwa kwa sababu ya ufundi wangu.

"Kwa hiyo mkono wa kushoto ukifuatana na wa kulia, kwa mkubwa, haina kosa?"

"Haina kosa. Kosa ni kumpa mkubwa huo wa kushoto peke yake."

"Basi mie sitaki ale kwa kushoto, bibi. Nataka Zuhura awe na adabu kama ya baba yake. Mpe hicho kitumbua, umwambie apokee kwa mikono miwili."

Mama mkwe akaona hilo ni dogo. Akachuchumaa, akatoa kitumbua.

"Mke mwenzangu, pokea. Kwa bibi tunapokea kwa mikono miwili, kama baba."

Zuhura akaleta wa kulia.

"Miwili, mama."

Zuhura akamwangalia bibi yake. Akauangalia mkono wake wa kushoto. Ukanyanyuka kidogo kutoka kifuani, ngumi ikiwa imefungwa, unatetemeka, ukafika nusu ya njia. Ukarudi. Akajaribu tena, safari hii akakunja uso na kutoa ulimi kwa juhudi. Ukarudi. Halafu akaushika wa kushoto kwa wa kulia, akauvuta, akamletea bibi yake kama mtu anayeleta kitu cha kutengenezwa.



Mama mkwe akakishika kile kingumi. Akajaribu kukifungua kwa vidole vyake, taratibu, mpaka gumba likatoka ndani. Likarudi.

"Kumbe hauji," akasema. Sauti yote ile imekwisha. "Mwaka wa nne huu nakusifia, kumbe hauji."

Akajifunika kanga uso mzima akalia. Mimi sikujua pa kuangalia, nikaangalia kitumbua.

Alipojifuta, akamwambia yule binti, "Mwanangu, ile karatasi yako iko wapi?"

"Ipo ndani, bibi."

"Kachukue nyingine. Nilikujibu salama, salama ila..." Na hiyo "ila" ikafunguka, wakuu, alieleza kuanzia siku ya uchungu, mtoto alivyotoka bila kulia, alivyochelewa kukaa, choo, usingizi, nani analala wapi, kila kitu, mbele yangu, mbele ya bodaboda wote watatu. Nikaenda kusimama nyuma ya ukuta upande wa pili. Lakini nilishukuru.

Daktari alithibitisha: utindio wa ubongo, upande mmoja, wa kiasi kidogo. Tukapewa tarehe za kurudi na kazi za nyumbani.

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza.

Mama mkwe aligeuka kamanda. Sheria ikapitishwa kwamba nyumba ile hakuna mtu kupokea kitu kwa mkono mmoja. Kikombe, mikono miwili. Kijiko, mikono miwili. Mke wangu ana mtoto mchanga kifuani, anapewa chumvi, anaambiwa mikono miwili. Nimechelewa kazini, naomba ufunguo wa pikipiki, Zuhura anatumwa aniletee kwa mikono miwili, na mimi nainama napokea kwa mikono miwili, tunasimama pale tumeinamiana dakika nzima mpaka kile kimkono cha kushoto kifike. Bodaboda wateja wangu wanaonisubiri nje wakanibatiza jina la "Mheshimiwa", eti nyumbani kwangu kuna protokali.

Soksi ya bata nayo ikaja nyumbani. Mapatano yalikuwa hivi: mama mkwe kakubali mkono wa kulia uvalishwe soksi nusu saa kila siku wakati wa kucheza, ila chakula hapana, chakula ni mkono wa kulia mpaka kiama. Yule binti akasema bibi, hiyo inatosha kabisa. Unasikia huko uani, "Haya mke mwenzangu, vaa bata," na mtoto anasukuma kifuu cha nazi kwa kushoto, na bibi yake anashangilia kuliko uwanja wa mpira.

Arobaini ikaisha. Mama mkwe hakuondoka.

Mwezi wa pili. Yupo. Wa tatu. Yupo. Mwenzenu nimekula uso nimeuinamisha miezi minne. Nikimuuliza mke wangu kwa upole mama anarudi lini, ananiuliza, "Wewe utamvalisha bata?" Narudi zangu gereji.

Kuna siku zilikuwa ngumu, sitawadanganya. Siku Zuhura anatupa kila kitu, analia, hataki, na mkono uko vile vile tu. Siku moja nilimkuta mama mkwe kakaa peke yake uani anaukanda mkono wake mwenyewe wa kushoto, anaukunja na kuukunjua, anajaribu kujua mjukuu wake anasikia nini. Niliondoka kimya kimya.

Sasa juzi mchana.

Nimekuja kula. Wali umepakuliwa, wa mpunga mpya, sufuria limebaki uani na ukoko wake. Sasa ule ukoko, wakuu, una mwenyewe. Ni wa mama mkwe. Anawekewa, anakula alasiri na chai ya rangi, hakuna anayegusa, hata mimi mwenye nyumba.

Nikasikia kwaru, kwaru, kwaru.

Nikachungulia. Zuhura kachuchumaa mbele ya sufuria, mkono wa kulia ana kijiko, anakwangua. Awali alikuwa hawezi, sufuria lilikuwa linazunguka naye uani kote mpaka mtu amshikie. Lakini safari hii lilikuwa limetulia. Nikasogea nione kwa nini. Mkono wa kushoto ulikuwa umelikamata ukingoni. Gumba liko nje. Hakuna aliyemwambia. Hakuna bata, hakuna bibi, hakuna mtaalamu. Ni njaa ya ukoko tu.

Kugeuka, mama mkwe yuko mlango wa jikoni, kaona yote.

"Mwizi!" akasema.

Halafu akapiga kigelegele. Kile cha harusi, kirefu, mpaka jirani akaruka uzio na mwiko wake mkononi akauliza nani anaolewa.

"Nina mwizi!" mama mkwe anamwambia huku analia. "Njoo umwone mwizi wangu! Kaniibia kwa mikono miwili!"

Zuhura akadhani kakosa. Kijiko kiko mkono wa kulia, hajakiachia. Akashika kipande cha ukoko kwa mkono wa kushoto, vidole vinatetemeka, nusu kimemong'onyoka njiani, akamnyooshea bibi yake.

Mkono wa kushoto. Kwa mkubwa. Mbele ya watu.

Mama mkwe akapiga magoti, akainama kuliko nilivyowahi kuinama mimi, akapokea kwa mikono miwili.

Nikamwangalia usoni moja kwa moja, mila zote nimesahau, na yeye akaniangalia. Tulikuwa tunalia wote kama wajinga.

Nilichojifunza ni hiki. Ukimpeleka mtoto kliniki ile si interview wala si mtihani, usiende kutafuta tiki. Anza na "ila" kabisa, zile "nzuri" waachie majirani. Mimi kidogo nimfaulishe mwanangu mpaka akose msaada.

Na wataalamu mliomo humu, mkija huku kwetu msiandike jibu la kwanza. Subirini la nne.

Haya, uwanja ni wenu, wa kunicheka anicheke na mwenye kisa kama changu aseme. Ila kama una mtoto mdogo nyumbani na mnamsifia ana adabu sana, hajawahi kutumia kushoto, leo ukirudi mpe biskuti mbili kwa mpigo, halafu uangalie.